Tamthilia za Kiingereza au za Kiuzbeki: uanze na zipi?

Hili swali linawakuta watu wa aina tatu. Yupo mwanafunzi wa fasihi linganishi anayetakiwa achague eneo, kipo kikundi cha sanaa kinachotafuta kazi ya nje ya kuigiza, na yupo msomaji wa kawaida aliyechoka na tamthilia za kwenye TV anataka kitu chenye mifupa. Wengi wanaenda kwa Waingereza kwa mazoea tu, shule tulilishwa Shakespeare, halafu Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa akamtafsiri, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, sasa nani ataanza kuhangaika na Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan. Wachache nao wanakimbilia Uzbekistan ili waonekane wa tofauti. Kiukweli sababu zote mbili ni dhaifu, kwa sababu hizi jadi mbili hazifanyi kazi moja, na ukichagua bila kujua hilo utailaumu tamthilia kwa kosa ambalo si lake.

Kwa ambaye hajui kabisa: Uzbekistan iko Asia ya Kati, Samarkand na Bukhara ziko huko, watu wake wengi Waislamu, ilitawaliwa na mfalme wa Urusi, ikaingia Umoja wa Kisovieti na ikatoka 1991. Hayo yote yameingia kwenye tamthilia zao, kwa hiyo usiyaruke.

Vigezo nitakavyotumia ni hivi: tamthilia zilianzaje na nani alikuwa analipa, serikali na jamii ziliingilia vipi, tanzia inamuumiza nani, kichekesho kinamcheka nani, muziki na lugha vinakaaje, na mwisho upatikanaji, maana hata ukipenda kama huwezi kuipata ni bure. Halafu kuna mtu mmoja ametokea kwenye jadi zote mbili, huyo nitamtumia kama kipimo.

Zilianzaje na nani alikuwa analipa

Uingereza ya zama za kati mafundi walikuwa wanaigiza visa vya Biblia barabarani juu ya mikokoteni. Pale York kila chama cha mafundi kilikuwa na kisa chake, waunda meli wakapewa ujenzi wa safina ya Nuhu, waoka mikate wakapewa karamu ya mwisho, watu walikuwa na utani hata kwenye dini. Lakini mambo yaligeuka 1576, James Burbage alipojenga jumba la maonyesho Shoreditch, nje kidogo ya mipaka ya London kwa sababu wakubwa wa jiji hawakutaka vurugu hizo kwao. Globe ikafuata 1599. Kuanzia hapo ni biashara: unatoa peni moja unasimama uwanjani mvua ikinyesha ni yako, unaongeza peni unakaa. Mwandishi anajua kabisa kwamba aliyesimama na aliyekaa wote wamelipa, ndiyo maana ndani ya mchezo mmoja utakuta hotuba ya mfalme na dakika mbili baadaye mlinzi wa mlango amelewa anaongea mambo ya kukojoa. Hiyo iko kwenye Macbeth, na imewekwa mara tu baada ya mfalme kuuawa.

Wauzbeki kabla ya karne ya 20 walikuwa na sanaa ya maonyesho, tena nyingi, ila haikuwa ya kuandikwa. Walikuwepo masqaraboz na qiziqchi, wachekeshaji wa sokoni na harusini, hawana skripti wala jukwaa, wanamuigiza kadhi mla rushwa na tajiri bahili mbele ya watu wanaomjua huyo tajiri kwa jina. Walikuwepo baxshi wanaoghani tendi kama Alpomish. Ikawepo na askiya, mashindano ya kurushiana maneno kwa mafumbo, ambayo UNESCO iliyaorodhesha 2014. Tamthilia ya kuandikwa ililetwa na Majadidi, Waislamu wanamageuzi waliokuwa wanataka shule za mtindo mpya. Mahmudxo'ja Behbudiy, mufti wa Samarkand, aliandika Padarkush, maana yake muua baba, mwaka 1911, ikapanda jukwaani Samarkand Januari 1914 na Tashkent Februari 27 mwaka huohuo.

Hii Padarkush ni fupi, unaimaliza kwa mkao mmoja. Tajiri mmoja ana mtoto anaitwa Toshmurod, hajasoma. Anakuja mwalimu wa dini anamwambia mpeleke mtoto shule, tajiri anasema mimi sikusoma na hela ninazo. Anakuja msomi wa kisasa, kavaa kizungu, naye anaeleza kwa kirefu kwamba zama hizi tunahitaji watu wenye elimu ya dini na ya dunia, daktari, mwanasheria, mhandisi, tajiri anasikiliza mpaka usingizi unamshika. Basi. Mtoto kajiunga na walevi, hela ya baa imeisha, wanaamua kwenda kuiba kwa baba yake, usiku mzee anauawa ndani ya nyumba yake na vijana wanaishia mikononi mwa polisi. Hakuna kificho wala tabia inayobadilika polepole, yaani ukiisoma kwa macho ya Hamlet ya Shakespeare utasema mbona hii ni hotuba imevalishwa nguo. Ndiyo, ni hotuba. Iliandikwa hivyo kwa makusudi, Behbudiy alikuwa anaona ukumbi wa maonyesho ni mahali pa watu kupata funzo, na mapato ya maonyesho yale yalikuwa yanasaidia shule. Ile hadhira wengi wao hawakuwa wanasoma magazeti, na sasa hoja yote ya magazeti imesimama mbele yao ina ndevu na inakoroma.

Kwa hiyo kwa ufupi, na hii ndiyo tofauti ninayoiona inazaa nyingine zote: tamthilia ya Kiingereza ilikulia sokoni, ya Kiuzbeki ilizaliwa darasani. Ya kwanza inaogopa kukuchosha. Ya pili inaogopa utoke ukiwa hujaelewa.

Serikali na jamii ziliingilia vipi

Waingereza wanapenda kujisifia uhuru lakini angalia. Bunge lilifunga majumba ya maonyesho 1642, yakafunguliwa tena baada ya mfalme kurudi 1660, ndipo na wanawake wakaanza kuigiza rasmi, kabla ya hapo wanawake wa Shakespeare kama Ofelia na Desdemona waliigizwa na vijana wa kiume. Halafu sheria ya 1737 ikampa ofisa wa kasri la mfalme mamlaka ya kusoma kila tamthilia kabla haijaigizwa, na kitu hicho kilidumu mpaka 1968! Miaka zaidi ya mia mbili mtu wa kasri anakata mistari. Ndiyo maana komedia zao zimejaa maneno yanayosema jambo bila kulisema.

Upande wa Uzbekistan bei ilikuwa damu. Behbudiy ili Padarkush ipite kwa wadhibiti wa mfalme wa Urusi aliitabarukia kumbukumbu ya vita ya Borodino, ya Warusi dhidi ya Napoleon, kitu ambacho hakina uhusiano wowote na hadithi, ujanja safi. Yeye mwenyewe aliuawa 1919. Hamza Hakimzoda Niyoziy, aliyeandika Tajiri na Mtumishi, aliuawa na umati Shohimardon 1929. Mwaka huohuo msichana Nurxon, mchezaji na muigizaji aliyepanda jukwaani bila paranji, lile vazi la kufunika mwili na uso, aliuawa na kaka yake. Halafu 1938 dola ya Stalin ikawamaliza waandishi: Fitrat, Cho'lpon na Abdulla Qodiriy waliuawa wote mwaka huo.

Sasa mtu atasema basi tamthilia zao zote za Kisovieti ni propaganda. Zipo za hivyo nyingi, siwezi kukudanganya, zile za tajiri mbaya na mfanyakazi msafi mpaka unajua mwisho kabla hujafungua. Lakini mwandishi aliyebanwa hivyo alijifunza kukimbilia mahali pawili, historia na vichekesho, na humo ndimo walimotoa kazi nzuri zaidi.

Tanzia inamuumiza nani

Tanzia ya Kiingereza inamchukua mtu mmoja na kumfungua tumbo. Faustus wa Marlowe anauza roho, Macbeth anaua mgeni wake, Lear anagawa nchi kwa maneno matamu ya mabinti, na muda wote tunasikia ndani ya kichwa chake, anajieleza, anajidanganya, anajua anajidanganya. Ukiwa na muigizaji mmoja mkali huu ndio uwanja wake. Ubaya wake ni kwamba watu wa pembeni mara nyingi wanabaki pembeni, raia wa Scotland wanaoumia chini ya Macbeth unawasikia kwa mbali tu.

Tanzia ya Kiuzbeki inauliza zaidi: huyu akianguka, nani mwingine anaanguka naye? Mfano wa kushika ni Mirzo Ulug'bek ya Maqsud Shayxzoda, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ulug'bek alikuwa mjukuu wa Temur, yule mteka nchi aliyejenga dola kubwa Asia ya Kati, naye alikuwa mtawala wa Samarkand lakini moyo wake uko kwenye nyota, alijenga jumba la kuangalia anga na jedwali lake la nyota lilitumika muda mrefu. Mwaka 1449 aliuawa, na nyuma ya mauaji yuko mwanawe Abdullatif. Shayxzoda alikuwa amewahi kufungwa chini ya Stalin, na alikuwa ametafsiri Hamlet kwa Kiuzbeki, vyote viwili unavihisi humo: mtawala anajiuliza kama Hamlet, Mdenmark yule, lakini kinachoonekana kinakufa naye ni elimu, watu wenye vitabu wanabaki hawana mlinzi.

Na hapa kuna jambo ambalo kwa mwanafunzi ni dhahabu. Tamthilia yao ya kwanza ya kisasa ni kifo cha baba kwa sababu ya mtoto asiyesoma. Tanzia yao kubwa ya kishairi ni baba msomi anayeuawa na njama ya mwanawe. Hamlet ni mtoto aliyesoma anayeambiwa alipe kisasi cha baba. Hizo tatu ukiziweka pamoja una tasnifu nzima, tena Hamlet iliigizwa Tashkent 1935 kwa tafsiri ya Cho'lpon, Abror Hidoyatov akiwa Hamlet, na mwaka 1941 huyohuyo akaigiza Othello mpaka leo wanamtaja. Kwa hiyo hata mtu akikuuliza "sasa hizi zimekutana wapi" jibu unalo.

Kichekesho kinamcheka nani

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo raha ilipo.

Komedia ya Kiingereza silaha yake ni maneno na tabaka. Kwenye tamthilia ya Oscar Wilde ya 1895 kuhusu umuhimu wa kuitwa Ernest, Lady Bracknell anamfanyia usaili kijana anayemtaka binti yake. Anatoa daftari na penseli kabisa. Unavuta sigara? Kijana anakiri anavuta, mama anasema vizuri, mwanaume lazima awe na shughuli. Kipato? Nyumba? Wazazi? Amepoteza wote wawili. Mama anamjibu kwamba kumpoteza mmoja unaweza kusema ni bahati mbaya, wawili ni uzembe. Halafu inatoka kwamba kijana aliokotwa ndani ya mkoba kwenye stesheni ya Victoria, na usaili unaishia hapo. Unacheka, lakini ukitulia unaona huyu mama hajataja mapenzi hata mara moja, anakagua mali. Kila mstari umechongwa, ndiyo maana kuutafsiri ni kazi ya kutoa jasho.

Mwenzake wa Tashkent anaitwa Farmonbibi, wa Kelinlar qo'zg'oloni, Uasi wa Wakwe, ya Said Ahmad, ya mwaka 1976. Mama mkwe, watoto wa kiume saba, wake zao saba, wajukuu arobaini na moja, wote ua mmoja, na kila kitu kinapita mkononi kwake. Anaingia mkwe wa mwisho, Nigora, msichana wa kisasa, na anawaamsha wenzake. Kwa msomaji wa Kiswahili hii haihitaji maelezo ya chini ya ukurasa, mama mkwe anayetawala ua tunamjua, mawifi wanaopeana macho jikoni tunawajua. Kinachonivutia ni kwamba Farmonbibi anachekwa lakini hadhaliliki. Anaendesha nyumba ya watu zaidi ya hamsini, hilo nalo ni akili, na mwandishi anampa heshima yake hata anapolegea. Wilde hamhurumii mtu. Said Ahmad anawarudisha wote kwenye mkeka mmoja, na kama wewe ni mtu wa kupenda komedia kali isiyosamehe hapo utaona amelainika sana, mimi pia nusu ya mwisho naiona inaharakia amani.

Ukitaka chungu zaidi kuna Temir xotin, Mwanamke wa Chuma, ya Sharof Boshbekov ya 1989. Mume mlevi kijijini mke kaondoka kurudi kwao, rafiki yake mwanasayansi anamletea roboti mwanamke aitwaye Alomat akae naye badala ya mke. Roboti anapikia, anafua, anaenda kuchuma pamba, na mwisho mashine inashindwa, chuma kinaungua kwa kazi ambayo mwanamke wa damu anaifanya kila siku. Umecheka saa nzima ndipo unagundua umechekea nini. Ilitoka miaka ambayo pamba ilikuwa inawatoa watu shambani mpaka watoto wa shule, kwa hiyo kila aliyekaa ukumbini alikuwa anajua uzito wa gunia.

Jozi nyingine ya haraka: Falstaff wa Shakespeare anayefungiwa kwenye kapu la nguo chafu na kumwagwa mtoni Thames, na Maysara wa Hamza, mwanamke mjanja anayewanasa kadhi na wenzake wenye uchu kwa mitego ya nyumbani. Mtego karibu mmoja, tofauti ni mnaswa. Falstaff ni mzee mhuni tu, hana mamlaka kwa mtu, kadhi ana mamlaka ya kukufunga.

Muziki na lugha

Waingereza waliweka muziki wao ndani ya mstari: mapigo matano, bila vina, sikio linazoea kama mwendo wa kutembea. Nyimbo zipo ila ni za kupitia. Wauzbeki wana aina kamili inaitwa tamthilia ya muziki, mhusika akifika kwenye uchungu anaimba kwa mtindo wa maqom, muziki wao wa jadi, na hakuna anayeshangaa, kazi kama Farhod na Shirin, Tohir na Zuhra, Gulsara, na Tashkent kuna jumba zima la kazi hizo, la Muqimiy. Kusoma skripti ya aina hiyo bila kusikia ni hasara, unaona maneno ya mapenzi ya kawaida tu na unajiuliza watu wanalilia nini.

Kipimo: Temur

Mwaka 1587 hivi Christopher Marlowe alimpandisha Temur jukwaani London, Tamburlaine, mchungaji aliyegeuka mtikisa dunia. Anamfungia sultani Bajazeth kwenye kizimba, anamtumia kama kigoda cha kupandia kitini, mpaka sultani anajiua kwa kugonga kichwa kwenye vyuma. Sehemu ya pili anafunga wafalme kwenye gari lake kama farasi na kuwatukana wanavuta pole pole. Marlowe hakuhukumu wala hakusifu, alimpa tu maneno makubwa kuliko ukumbi, na watu walilipa kuja kusikia.

Wauzbeki huyo ni mtu wao. Chini ya Wasovieti alikuwa wa kusemwa kwa tahadhari, baada ya 1991 akawa baba wa taifa, na 1996 Abdulla Oripov, mshairi aliyeandika pia maneno ya wimbo wa taifa, akatoa tamthilia ya kishairi Sohibqiron. Humo Temur ni mjenzi wa dola, mtu wa haki, anabeba huzuni ya utawala. Mmoja anakupa ukatili wenye mvuto bila nchi yoyote nyuma yake, mwingine anakupa nchi nzima lakini kizimba hukioni. Soma zote mbili mfululizo kama unataka kuielewa tofauti ya hizi jadi kwa wiki moja, na usimuamini yeyote peke yake kwa historia.

Upatikanaji

Hapa hakuna mjadala mrefu. Za Kiingereza za zamani ni bure kwenye intaneti, maelezo yako kila kona, na kwa Kiswahili mbali na za Mwalimu kuna Makbeth na Tufani za S. Mushi. Za Kiuzbeki zipo mtandaoni kwa Kiuzbeki chenyewe, nyingine kwa herufi za Kilatini nyingine za Kirusi, tafsiri za Kiingereza ni chache, Padarkush inayo. Afueni ni filamu: Kelinlar qo'zg'oloni ilitengenezwa filamu 1984, na inafuatika hata kama lugha huijui, nyuso zinaongea.

Sasa wewe uko wapi?

Mwanafunzi mwenye muda mfupi na maktaba ndogo, chukua Kiingereza kama msingi na uongeze kazi moja ya Kiuzbeki, Padarkush inatosha. Ukiwa na mwaka mzima na msimamizi anayekuelewa, geuza: fanya Kiuzbeki kiwe kiini na Hamlet iwe ya kulinganishia, kuhusu Hamlet peke yake utaongeza nini ambacho hakijasemwa.

Kikundi cha mtaani chenye wanawake wengi na bajeti ya nguo za nyumbani, Uasi wa Wakwe inawafaa, majukumu saba ya wake na la mama mkwe, jukwaa ni ua tu. Mkiwa na nyota mmoja na wengine wanaojifunza, Macbeth. Mkiwa na kipaji cha maneno lakini hamna wa kutafsiri vizuri, muacheni Wilde kwa sasa, atakufia mdomoni.

Mwalimu wa sekondari anayetaka mjadala darasani kuhusu elimu na wazazi, Padarkush, dakika arobaini mmemaliza na watoto watagombana wenyewe. Anayetaka kufundisha jinsi mhusika anavyojengwa asiitumie hiyo, haina, aende kwa Shakespeare.

NGO zinazofanya maonyesho ya uhamasishaji, someni Majadidi kwa faida na hasara zao, kisha Temir xotin ili muone funzo linavyoweza kuingia bila kuhubiri.

Msomaji wa raha tu: kama unapenda kukaa ndani ya kichwa cha mtu, Kiingereza. Kama unapenda nyumba iliyojaa watu wanaokatizana maneno, anza na ile filamu ya 1984, halafu utafute nyimbo za Tohir na Zuhra kabla hujagusa maandishi yake.